Sabuni za Kweli Jukwaani

(Nimeyanakili haya kutoka daftari langu la enzi za foleni za bidhaa. Sijabadilisha neno.)

Ijumaa, Nyasho. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, jeusi, halinyeshi wala haliondoki. Joto la kunata. Cherehani yangu imefunikwa kanga mwezi wa tatu huu kwa sababu hakuna kitambaa cha kushona, na mimi nimekaa mbele yake kama mlinda maiti.

Leo nina hofu, daftari. Niseme hivyo moja kwa moja, nisijizungushe.

Jumapili kwaya yetu ya mtaa inaigiza mchezo kwenye ukumbi wa Kitaji. Ni ule mchezo wetu wa kuimba mwanzo mpaka mwisho, wa mlanguzi anayeficha sukari na sabuni huku majirani wanafulia majani ya mpapai. Tumeupeleka Bunda mara mbili na Butiama mara moja, na watu wanazijua nyimbo zake kuliko sisi. Mwishoni kwaya nzima inaimba "Fungua ghala", mlango unafunguliwa, mali ya mlanguzi inaonekana. Mimi ndiye ninayefungua. Hakuna sehemu ninayoipendaga kama hiyo.

Tuliharibu Bunda, mara ya kwanza. Makatoni yetu yalikuwa matupu, na mwenzetu Nyangi akabeba katoni tatu za sabuni kwa mkono mmoja huku anaimba eti mzigo umemlemea. Ukumbi ukacheka mpaka wimbo ukapotea. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama hiyo ni sabuni au manyoya ya kuku. Mwalimu Masatu, kiongozi wetu wa kwaya, alinuna njia nzima mpaka Musoma. Tukakubaliana kwamba nyumbani tutacheza na vitu vya kweli, na mlango wa kweli. Nyuma ya jukwaa la Kitaji kuna stoo. Hiyo ndiyo itakuwa ghala.

Mzee Hamza akajitolea. Ana duka la vitambaa mjini, na ndiye besi wetu. Akiimba, unasikia benchi linatetemeka. Alituazima katoni nne za sabuni na mfuko wa sukari, nasi tukampigia makofi. Nani ana sabuni siku hizi, jamani? Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikuuliza, nilikuwa nainusa ile katoni.

Mwenye ukumbi akataka mtu wa kusaini kwamba kila kilicho ndani ya stoo kiko mikononi mwake. Nikasaini mimi, mtunza mavazi. Jumapili iliyopita Mzee Hamza akaniomba ufunguo aongeze katoni mbili ili ghala lipendeze. Nikampa. Akaurudisha Jumanne.

Siku mbili nzima. Mjinga ni mimi.

Jumatano redio ikatangaza msako wa walanguzi nchi nzima. Tangu hapo mji si ule. Maduka yamefungwa mchana kweupe. Kando ya barabara ya Bunda kuna mifuko ya chumvi imetupwa, na watu wanaoitafuta chumvi kila siku wanapita hawaigusi. Wavuvi wanasema wameona majora ya vitenge yanaelea ziwani. Mtu anakusalimia huku anaangalia miguu yako.

Na mimi, daftari, bado nilikuwa nawaza mavazi yangu tu. Leo asubuhi nilikwenda Kitaji kuyaanika. Mlango wa stoo ukagoma, nikausukuma kwa bega.

Sabuni mpaka dirishani. Majora ya vitenge, betri, madebe ya mafuta ya kula, sukari mifuko kwa mifuko. Mavazi yetu yamesukumwa kona na kukandamizwa. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nikiri kabisa: kwa kitambo nililitamani jora moja la bluu, nikaanza kulipimia gauni kichwani. Ndipo akili ikanirudi.

Mzee wa watu ameficha mali yake ndani ya mchezo wetu. Na saini ni yangu.

Mgeni rasmi wa Jumapili ni mkuu wa wilaya. Anakuja pamoja na watu wa msako. Wamesikia mchezo wetu unafundisha, wameomba wenyewe kuja.

Nikaenda shuleni kwa Mwalimu Masatu. Alinisikiliza huku anajifuta chaki vidoleni, akajifuta hadi nikachoka kumtazama. Nikamwomba tuahirishe. Akasema tukiahirisha wiki hii tutakuwa tumejishitaki wenyewe. Halafu akateremsha sauti.

"Tutaimba, Ghati. Ila wewe usiufungue mlango."

Utadhani hatukuwa wote Bunda ile mara ya pili. Wimbo uliporudiwa mara ya tano watu waliinuka, wakapanda jukwaani, wakaufungua mlango kwa mikono yao. Ulikuwa mlango wa maboksi, ukaanguka wote, tukafurahi sana. Kitaji wataimba vile vile. Mimi nikisimama pale na ufunguo shingoni bila kufungua, nani hatajiuliza kwa nini?

Kutoka shuleni nikanyoosha kwa Mzee Hamza. Duka limefungwa na mbao juu. Mkewe, Mama Zuhura, alinitokea uani. Huyu mama hajawahi kuniacha niondoke kwake bila kula, leo hata kigoda hakunipa. Akasema mumewe aliondoka Jumatano ile ile kwenda Kisorya avuke ziwa mpaka Ukerewe, kuna msiba. Nikamuuliza msiba wa nani. Akaangalia barabarani. Nikamwambia wazi kwamba mali yao iko stoo, na wakiikuta watanichukua mimi.

Akamvuta binti yake, akamshika mabega.

"Dada Ghati, wakija hapa, mimi sijui kitu. Na wewe nakuomba usinijue."

Nilirudi kwa miguu huku nawatukana wote wawili kimoyomoyo, tena matusi ya nyumbani Tarime, yale yasiyoandikika. Nikafika nikalia. Sitaki kujifanya jasiri humu ndani.

Nimewaza kila kitu. Kutupa ziwani? Ule ni mzigo wa lori, nitaubeba na nani? Kukimbilia Tarime? Watamkamata kaka yangu badala yangu. Kunyamaza? Jumapili ukumbi mzima utaniimbia nifungue.

Basi kesho asubuhi naupeleka ufunguo polisi mwenyewe, kabla ya wimbo. Wakiniamini, sawa. Wasiponiamini, angalau sikungoja kukamatwa mbele za watu nikiwa nimevaa nguo za maigizo. Lakini swali lao la kwanza nalijua. Ni mali ya nani?

Kalamu imekwama hapo tangu saa kumi.

Mwaka jana mama yangu alipofariki hapakuwa na kitambaa Musoma nzima. Maduka yalikuwa na rafu tu. Shangazi zangu walianza kunong'ona kwamba tumzike na mkeka, hakuna namna. Mzee Hamza akaja bila kuitwa, na kitambaa cheupe kipya kwapani. Mimi mshonaji nikashindwa kukikata, mkasi uliniponyoka mara mbili. Akakikata yeye. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Acha, mwanangu. Mzike mama." Sikujiuliza kitambaa kilitoka wapi wakati mji mzima hauna.

Leo nimejua kilikotoka. Siwezi kumchukia, na siwezi kwenda jela kwa ajili yake. Watu watasema asante ya punda mateke. Wana haki ya kusema.

Kesho nitamtaja. Mama, nisamehe, umelala ndani ya kitambaa chake.