Tulipishana Mlimani

Dada yangu mpendwa,

Huku mimi mzima na lori nalo zima. Kampuni ina madereva wengi mno, hata mlinzi wa lango hunijua kwa namba ya gari tu.

Mimi na shemeji yako tulikuwa tumenuniana, maana alikubali safari ndefu bila kuniambia. Juzi tukapishana mlimani, kila mmoja na lori lake. Nikampigia honi. Kimya. Nililia mpaka kituoni.

Jioni akapiga simu: "Honi yangu imekufa, mke wangu. Nilikupungia mikono yote miwili."

"Na usukani ulishikwa na nani?"

Tukavunjika mbavu. Sasa tumeomba lori moja, tuendeshe kwa zamu. Bosi akauliza dereva mkuu atakuwa nani. Tukajibu kwa pamoja, "Mimi."

Mdogo wako wa barabarani