Hema, hema polepole

Jumanne usiku, kambini kwa wakimbizi

Na bado wananicheka! Anayecheka kuliko wote ni mume wangu.

Mshauri aliyetoka Kigoma mjini alitukalisha kanisani, tufumbe macho, tuitulize akili ya ndani. Akasema tulione ziwa limetulia pale Bangwe. Mimi nikaona dagaa wa Katonga kikaangoni, lakini nikavumilia. Mwili ukalegea kweli, hata usingizi ukaninyemelea.

Ndipo akasema kwa sauti laini, "Hema. Hema polepole."

Mana yanje, Mungu wangu! Hapa kambini mtu akitamka hema, unakimbia. Niliruka macho yangali yamefumbwa, nikamkanyaga jirani yangu Mama Odeta, nikapiga kelele, "Mimi wa kwanza! Langu linavuja!" Nyuma yangu wakapanga foleni wote, hata mzee wa kanisa.

"Nilisema mpumue, mama," mshauri akaniambia, huku akijikaza asicheke.

Eti akili ya ndani huficha tunachokitaka. Yangu haifichi kitu.

Sasa hivi nimejaribu tena, kitandani. Tone la mvua likanidondokea puani, nikajituliza kwa kunong'ona, "Hema. Hema polepole."

Mume wangu akakurupuka usingizini. "Wanagawa wapi?"

Kiatu kimoja alishakivaa.