Wimbo Wako Ulipofika Mgori

Kijiji cha Mgori,
Singida.
12 Juni, 1975

Mpendwa kaka Damiani,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Kazi ya muziki inaendeleaje huko Dar es Salaam? Sisi tunapumua tu. Baba anakohoa, mtama ulikauka kabla ya kuchanua, na nyumba zetu mpya za kijijini bado hazijaezekwa vizuri. Mama ndiye sababu ya barua hii, ingawa hajui kwamba naiandika.

Wimbo wako ulifika, kaka. Barua yako ya Februari, ile uliyoeleza mlivyorekodi wanane chumba kimoja, madirisha mmeyaziba kwa mablanketi, ililala kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa kijijini. Tumeipata wiki mbili baada ya wimbo. Laiti ingetangulia.

Uliandika kwamba ulipokosa sauti ya wimbo ulikumbuka sauti ya mama. Hukusema ipi. Tuliitambua wenyewe: ni ile aliyomlilia marehemu mdogo wetu Elina. Umetia gitaa, ukaweka maneno ya mpenzi aliyekuacha, lakini ni ileile. Unajua vizuri, au Dar imekusahaulisha, kwamba kwa ukoo wa mama kilio kile hakitolewi pasipo maiti.

Siku ile tulikuwa ofisi ya kijiji tukisikiliza matangazo ya vifo redioni. Yalipokwisha tu, ukaanza wimbo, na anayeimba ni wewe. Jirani yetu Theresia akashika kichwa. "Uwii! Damiani huyo! Amekufa, anatuaga kwa sauti yake!"

Miezi minane tulikuwa hatujapata barua yako. Nani angembishia?

Kabla jua halijazama wanawake walishafika nyumbani na unga na kuni. Mama akanyolewa nywele. Baba alikaa chini siku tatu. Mimi nilikoroga uji wa msiba wako huku nakutukana kwa kufa bila kuaga. Nilikuchukia, kaka, kwa jinsi nilivyokupenda.

Barua ilipopatikana niliisoma mbele ya watu wote. Baba alicheka mpaka akalia. Vijana sasa wanaupiga wimbo wako miluzi mashambani, wanajivuna kwamba mwimbaji ni wa hapa. Nisikudanganye, ni mzuri. Nikiusikia natoka nje.

Mama hakucheka. Aliuliza barua iliandikwa lini. Nikamwambia Februari. "Basi aliiandika kabla hajafa," akasema, akarudi ndani. Hali chakula sawasawa, na nywele zikiota anataka zinyolewe tena.

Jumapili redio iliupiga tena. Mama akaimba pamoja nawe, polepole, macho kafumba. Wewe ulipokoma yeye hakukoma. Akaendelea na ubeti wa mwisho, ule wa kumtaja marehemu, ambao ninyi mliuacha. Akataja jina lako. Watu wakainamisha vichwa, na mimi, kaka, nisamehe, nikaitikia.

Usitume barua nyingine. Panda gari uje mwenyewe, akushike mikono. Naogopa ukichelewa tutakuwa na maiti kweli, ya mama, na sitajua nani wa kumtolea kilio.

Baba anakusalimu sana, na shangazi Sara, na Martina ambaye sasa ana mtoto wa pili. Mungu akufungulie njia ya kuja huku.

Mama hakutuma salamu. Anasema hana wa kumpelekea.

Mdogo wako akupendaye,
Martha