Miguu ya Muireann na Kitanda cha Taa

Njia ya Kanisani,
Kilrush, Clare.
9 Machi

Mpendwa dada Attracta,

Habari za Perth, na goti lako je? Sisi wazima. Mvua haijakatika tangu Krismasi, nami nanenepa kuliko ndama wa jirani.

Dada, leo naandika nimefura. Nivumilie.

Binti yangu Muireann, sasa ana miaka kumi na sita, alikuwa na mashindano ya dansi kule Ennis Jumapili. Enzi zako ilikuwa nywele, gauni na soksi, basi. Siku hizi lazima na miguu iwe ya kahawia, rangi moja toka pajani hadi kifundoni, ati miguu myeupe inapotea kwenye taa za jukwaani. Taifa zima tumezaliwa na rangi ya mtindi, halafu mwenye kasoro ni mtoto wangu!

Basi Alhamisi wifi yangu Concepta, yule wa duka la nyuzi, akamchukua kimyakimya hadi saluni yenye kitanda cha taa cha kubabua ngozi. Mume wangu Ultan alipopata fununu akaniambia, nikaendesha gari na ndara za bafuni miguuni. Nikamkuta mtoto kwenye benchi, anayefuata ni yeye.

"Dakika nane tu, Dervla," akasema Concepta. "Usimtie mtoto aibu."

"Sheria inasema miaka kumi na minane. Umemwandikisha mingapi?"

"Kumi na tisa. Si unamwona alivyo mrefu?"

Mrefu! Kwa hesabu hiyo farasi wetu angepiga kura. Nikapandisha sketi mbele ya wote, nikawaonyesha kovu la shavu la mguu, pale daktari aliponichimba saratani kama kiazi kibovu, malipo ya ujana wangu wa kuota jua nikijipaka mafuta ya kupikia. Mwenye saluni ghafla akawa na taulo nyingi za kukunja.

Njiani Muireann alininunia. Kisha: "Sasa nitapanda jukwaani kama mishumaa miwili."

"Utapanda na rangi ya kahawia ya kupaka, ya chupa. Nitakupaka mimi."

"Wewe? Mama, ulipaka geti ukampaka na paka!"

Ijumaa alijisugua vizuri, akapaka mafuta magotini na vifundoni rangi isije ikaganda, nami nikapitisha rangi kwa mizunguko midogo. Ikatoka sawasawa, wala hakuna mwale uliomgusa. Ila nilisahau glavu. Kanisani, tulipopeana amani, Padri alikitazama kiganja changu akauliza bei ya karoti.

Kule Ennis Muireann akawa wa nne. Karatasi ya jaji haikutaja miguu hata kwa nukta. Inalalamikia mikono, ati inatikisika. Mikono, dada! Na mtoto alikuwa anakwenda kuchomwa kama soseji.

Jana Concepta karudi, hana haya, ananong'ona mlangoni: "Mashindano ya Dublin yanakuja, mwanangu. Twende, mama yako asijue." Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, tayari kwa vita.

"Asante, shangazi," Muireann akajibu, "lakini siendi. Miguu ni yangu, na nitaihitaji nikifika umri wako."

Nikaurudisha mwiko sufuriani.

Msalimie shemeji Neville na mpwa wangu Gráinne. Ultan anakusalimu sana. Mungu akuwekee kivuli kila uendako katika jua hilo kali.

Wako akupendaye, mwenye viganja vya karoti,
Mdogo wako Dervla