Nasambu na Hesabu za Mama Mdogo

S.L.P. 1187,
Kitale.
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Phelista,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba wewe na Absalom mnaendelea vizuri huko Chwele, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku ni wazima. Mvua inatusumbua, mahindi yamekataa kukauka, lakini tunamshukuru Mungu.

Ningekupigia, ila simu yangu siku hizi si yangu tena. Ni ya Nasambu, ya kuongea na wewe. Ndiyo maana nimempa Festus barua hii, kwa kuwa analeta viazi sokoni kwenu.

Tangu mwanangu arudi kutoka kwako likizo ya Agosti, nyumba hii haina mwalimu mwingine. Mama mdogo alisema hivi, mama mdogo hufanya vile. Hata chai yangu, niliyomlea nayo, sasa ina majani mengi kuliko yako. Chai nimevumilia. Hesabu zimenishinda.

Wiki iliyopita tulienda kumnunulia viatu vya shule. Duka lilikuwa limepunguza bei kwa asilimia ishirini, na siku hiyo wakatangaza asilimia kumi nyingine juu yake. Nikamwambia muuzaji, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba basi napunguziwa thelathini. Nasambu akanivuta mkono.

"Mama, si hivyo bana. Hiyo kumi unatoa kwa ile bei imebaki, si ile ya kwanza. Inakuwa ishirini na nane. Mama mdogo alinionyesha."

Muuzaji akacheka, akasema mtoto yuko sawa. Na watu wamepanga foleni nyuma yetu, wote wanasikia! Nililipa nikatoka, na njia nzima sikumuuliza kama viatu vinambana.

Hilo ningelimeza. Lakini Alhamisi alikuja na kazi ya nyumbani ya maumbo, ile ambayo mwalimu anataka mzazi akae na mtoto. Nikapangusa meza, nikavuta kiti. Akaniambia nisijisumbue. Alichukua kipande cha gazeti, akakikata kutoka kona hadi kona, akageuza kipande kimoja akakilaza juu ya kingine, vikalingana: pembetatu ni nusu ya mstatili. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Hiyo njia mama mdogo alitoa tu kwa kichwa yake mwenyewe."

Kwa kichwa chako! Phelista, nani alikuonyesha hayo jikoni kwa mama, kwa karatasi ya kufungia sukari, wewe ukilia makamasi kwa kuogopa mtihani? Sikuombi unitangaze kanisani. Lakini mbele ya mtoto wangu mwenyewe, kutaja jina langu kungekupunguzia nini?

Naona wivu. Neno hilo nimeliandika na sitalifuta. Naona wivu akicheka na wewe kwenye simu kule nyuma ya jiko, naona wivu akifunga kitambaa unavyofunga wewe.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Nasambu ameomba Januari ahamie kwako, asomee huko. Baba yake hana neno. Khisa ameniambia, "Si anaenda tu kwa mama yake mwingine? Shida iko wapi?" Ni kweli, kwetu mama mdogo ni mama, na siwezi kubishana na mila mbele ya mume wangu. Wananingoja mimi tu niseme ndiyo.

Najua angesoma vizuri kwako. Shule iko karibu, na wewe una subira. Mimi nikieleza jambo mara ya pili, tayari nimepaza sauti.

Hata hivyo sitaki aje. Ndiye mtoto pekee niliye naye, na akishazoea kwako, hapa atakuwa anakuja likizo kama mgeni.

Tatizo ni kwamba nikimkataza mimi, atanichukia, na litakuwa jambo lingine ambalo mama mdogo asingelifanya. Kwa hiyo nakuomba umkatalie wewe. Mwambie nyumba imejaa. Mwambie jamaa za Absalom wanakuja kukaa. Sema lolote. Atalia, atanuna kidogo, kisha atakusamehe. Wewe anakusamehe kila kitu.

Nisalimie Absalom na mama mkwe wako, na ukipita Kamukuywa umsalimie kaka yetu Kevin na watoto wake. Mungu awafunike kwa neema yake na aibariki kazi ya mikono yenu. Barua hii Nasambu asijue niliiandika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu,

Nabwile