Antivirusi Tatu za Heshima

Jumatatu, 4 Juni 2012
Nimetoka kufundisha, nimeinjika maharage, nimewasha laptop. Maharage yameiva. Ukurasa wa chuo bado mweupe. Taa ya modemu inawaka, bando nimeweka jana. Mwaka jana nafasi ya kuomba digrii ilinipita hivihivi, natazama kimduara kinazunguka. Safari hii maombi yanafungwa Ijumaa. Sikubali.

Jumanne, 5 Juni
Kila mtu na lake. Shemeji Idi, mdogo wa mume wangu, kasema mabati ya paa yanazuia mtandao, nitoke nje. Nimekaa uani na stuli, kuku wananichungulia. Wapi! Fundi wa stesheneri kasema ninunue modemu mpya. Mwalimu Mkuu wetu kasema mtandao wa hapa Itigi ndivyo ulivyo, tuvumilie. Nimeshavumilia mwaka mzima. Basi.

Jumatano, 6 Juni
Leo nimetumia akili. Nimeenda kwa Mama Neema, nesi jirani yangu, nikachomeka modemu yangu kwenye kompyuta yake. Ukurasa ukafunguka hata sijakaa vizuri. Ningejaza hapohapo, ila alikuwa anawahi zamu. Kumbe modemu nzima, mtandao mzima. Mgonjwa ni laptop yangu. Nimefurahi na kukasirika kwa pamoja.

Alhamisi, 7 Juni
Mchawi nimempata. Nimepitia programu moja moja. Antivirusi tatu! Moja aliweka Shemeji, moja fundi, moja Mwalimu Mkuu kwa mkono wake. Kila mmoja alikuja kunisaidia, nikaona aibu kumwambia nyingine ipo. Utamwambiaje mtu mzima dawa yako siitaki? Nikasema ahsante, nikawapa chai. Sasa zote tatu zinanyonya bando langu kujisasisha, na zinapekuana zenyewe kwa zenyewe. Ujinga wangu mwenyewe.

Nimebakiza ya fundi. Ya Shemeji nimeifuta bila kufikiri. Ya Mwalimu Mkuu mkono ukasita, maana atauliza, namjua. Nikakumbuka mwaka jana. Nimefuta.

Ijumaa, 8 Juni
Maombi yamekwenda! Kabla ya kengele ya asubuhi. Namba ya uthibitisho nimeiandika kiganjani, kwenye daftari la maandalio, na nyuma ya kalenda. Nimelia kidogo.

Mapumziko, Mwalimu Mkuu kauliza ile antivirusi yake inanisaidiaje. Nikasema, "Mwalimu, nisamehe. Nimeitoa. Zilikuwa tatu, zikanibana."

Akaangalia mlango. "Basi ukipata nafasi uje uniangalizie na yangu," akasema polepole. "Mimi ninazo nne."

Jumapili, 10 Juni
Shemeji kaja, flashi mkononi. Ana antivirusi mpya, kali. Nimemwambia, "Shemeji, ahsante, iliyopo inatosha." Kidogo kanuna. Nimemwongezea sukari kwenye chai. Laptop ipo mezani, imefunikwa kitambaa chake, na flashi kairudisha mfukoni.