Fundi, Sigara Yako Sivuti

Shikamoo, Fundi.

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema mimi mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo. Wewe umeshamaliza, huna tena cha kuhofia. Hofu ni kwangu mimi Rajabu, mwanafunzi wako. Tangu tukuzike pale Kwaluguru, na mimi nikaacha sigara siku hiyo hiyo, mwili huu umekuwa si wangu.

Jicho la kushoto linacheza kutwa nzima. Kope ya chini inaruka, inatulia, inaruka tena, hadi wateja wanadhani nawakonyeza. Mama mmoja alikuja kuagiza kitanda akaondoka amenuna, kesho yake akamtuma mumewe. Nikikaa, shavu la mguu linaruka lenyewe. Vidole vinachoma, kisha vinakufa ganzi. Mgongoni nasikia siafu wanatembea, navua shati, siafu hakuna! Juzi kidole gumba kiliruka nimeshika patasi, nikaichimba fremu ya mlango, ule mninga uliouchagua mwenyewe kabla hujalazwa. Nilikaa chini kwenye maranda nikalia kwa hasira.

Nilikwenda zahanati hapa Korogwe. Daktari, kijana mpole tu, alinipima akaniambia mwili ulizoea nikotini miaka mingi na sasa unagoma. Utatulia, alisema. Nipunguze kahawa, ninywe maji, nilale vya kutosha, na nikiona mkono au mguu unakosa nguvu nirudi haraka. Basi. Nikatoka na moyo mwepesi kidogo.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mkeo, Mama Saumu.

Unawajua watu wetu. Kope ya chini ikicheza utalia, ya juu ikicheza utapata mgeni, unyayo ukiwasha una safari. Hakuna kiungo kinachoruhusiwa kutikisika bure. Mama Saumu aliliangalia jicho langu, akashika kiuno, akasema, "Huyo ni mwenzio, marehemu. Anataka tumbaku yake." Kakako Mzee Sefu aliposikia ndiyo akakoleza moto. Nilidhani tumeshamalizana, maana arobaini yako tuliisoma na pilau tukala. Mzee Sefu akasema dua ni dua na tambiko ni tambiko. Wao wapeleke maji na unga kaburini, na mimi niwashe sigara, nivute, nikupulizie moshi. "Wewe ndiye uliyekuwa unagawana naye kipisi," alisema. "Kwako ndiko anakodai."

Fundi, nilikasirika. Ulipokuwa unakohoa mpaka unashika benchi, hawa hawa walisema ni vumbi la mbao. Sasa umelala, kila mmoja amekumbuka unachopenda.

Na wewe pia nilikukasirikia, usijifanye hayakuhusu. Nilikuja kwako sijui kushika randa wala sigara. Ulikuwa na penseli sikio la kulia na sigara sikio la kushoto, ukanifundisha vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Kazi yetu haikuwa na saa. "Tukate moja," ulikuwa ukisema, tunawasha sigara, na hayo ndiyo mapumziko. Hata mlango tuliupima kwa sigara: ikipita chini yake bila kukwama, mlango umekaa sawa. Nani aliwahi kusikia ufundi wa namna hiyo? Siku hizi napima kwa penseli, na milango inafunga vilevile.

Lakini niliyemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe, na sababu unaijua. Siku tatu kabla hujafa uliniomba nikutoe wodini upigwe na jua. Nikakukalisha nyuma ya jengo, pale wanapoanika mashuka. Ukanishika shati. "Rajabu, pafu moja tu, na usimwambie mtu." Nikakuwashia. Ulivuta ukakohoa mpaka ukajikunja, nikakurudisha kitandani nimekushika kwapa, na nesi alipouliza nikasema ni upepo. Tangu siku hiyo nimebeba jambo hili peke yangu. Niliacha sigara kwa sababu kila nikiitazama nauona mgongo wako uliojikunja.

Basi Ijumaa iliyopita tukaenda Kwaluguru. Nilikwenda kwa heshima ya Mama Saumu, maana amenilisha miaka yote hiyo. Mzee Sefu akamwaga maji na unga, akawataja wazee wenu mmoja mmoja, kisha akawasha sigara akanikabidhi.

Fundi, niliitamani. Sitakudanganya. Mate yalinijaa mdomoni, jicho likaruka, mguu ukaruka, vidole vikatetemeka, mwili mzima ukaitaka. Pafu moja tu na haya mateso yangetulia. Na hakuna ambaye angesema Rajabu ameshindwa. Wangesema Rajabu ana adabu. Nikaisogeza mpaka moshi ukanichoma macho.

Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti kubwa, na makaburini watu hawapayuki hivyo. "Mimi nilishampa! Nilimpa hospitali siku tatu kabla hajafa, akiwa hajiwezi, na ndiyo iliyommaliza. Simpi tena." Nikaidondosha nikaikanyaga, hapo hapo miguuni pako.

Nilingoja matusi. Nilingoja Mama Saumu anikunje shati. Yeye akakaa chini kwenye udongo, taratibu, akajifunika uso kwa khanga.

"Na mimi nilimpa," akasema. "Asubuhi ya siku ile ile. Aliniambia nisimwambie mtu."

Tukamgeukia Mzee Sefu. Alikuwa ametazama pembeni, bakuli la unga mkononi. "Ile pakiti ya sigara chini ya mto wake hospitali," akasema, "mnadhani ilifikaje?"

Hivi, Fundi! Ulituzungusha wote watatu? Mgonjwa asiyeweza kunyanyua kikombe cha uji, lakini akili ya kutuchezea ulikuwa nayo! Kila mmoja ukamwambia pafu moja, kila mmoja ukamfunga mdomo, kisha ukaenda zako. Miezi yote hii Mama Saumu hapati usingizi. Mzee Sefu anazungumza habari za tambiko kwa sababu hajui pengine pa kuipeleka hatia yake. Ulimfanya kila mmoja wetu aamini amekuua peke yake. Nilitaka kulipiga teke kaburi lako. Kisha Mama Saumu akaanza kucheka huku analia, Mzee Sefu naye akafuata, na mimi nikajikuta nimekaa katikati yao, nacheka na makamasi yananitoka.

Tulipokuwa tunainuka kuondoka, Mama Saumu alinishika mkono. Akasema asubuhi ile alipokuwashia, hukumwambia tu asimwambie mtu. Ulimwambia, "Hasa Rajabu asijue. Nataka yule mtoto aache." Na mchana wake ukaniomba mimi pafu!

Fundi. Miaka kumi na minne tumekaa benchi moja. Umenifokea kwa msumari uliopinda, kwa gundi niliyomwaga, kwa kuchelewa dakika tano. Neno hilo moja ukashindwa kunitazama usoni ukaniambia? Ungesema tu. Ningekuchukia wiki moja, halafu ningeacha, na labda tungeacha wote wawili. Hili sijakusamehe bado. Namwomba Mungu akusamehe Yeye, mimi bado najaribu.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nitakuja kila Idi kung'oa majani na kukusomea Fatiha. Moshi usitegemee. Hata mwili huu uruke mpaka mwaka kesho, hata wakae kikao cha ukoo, sivuti. Ujumbe ulichelewa na ulipitia mlango wa nyuma, lakini umenifikia.

Mwanafunzi wako,
Rajabu